Magaga ya Bi Swala

Haya yalikuwako, na waliokuwako ni wanyama watupu, kwa hiyo asitafutwe mtu.

Mwaka huo kipupwe kilishuka kutoka mlimani mapema, kikavu, bila hata manyunyu. Upepo ukapiga ngozi zikapauka kama zimepakwa majivu. Masikio ya Tembo yakabambuka. Simba, mkubwa wao, akipiga mwayo midomo inachanika, basi akaacha kupiga mwayo mbele za watu asije akaonekana anaumia. Aliyeteseka hasa ni Bi Swala. Visigino vyake vilipasuka magaga ya kuingia punje ya mtama, na ndiyo kwanza amejifungua.

Fisi, ambaye tangu azaliwe hajampa mtu ushauri wa kumfaa, akaja barazani kushauri.

"Mkubwa, ngozi hizi ni uchafu tu. Kule bondeni kuna chemchemi ya maji moto. Mtu akae humo mpaka awive, kisha ajisugue kwa jiwe."

"Na mafuta?" akauliza Tembo.

"Mafuta ni ya wazembe. Au mnataka mkubwa wetu apakwe mafuta kama muhogo wa kukaanga?"

Simba hakupenda habari ya muhogo. Akaamuru wanyama wote waende chemchemini kila asubuhi, na mafuta yasionekane.

Wakaenda. Raha ilikuwa ya kukaa majini tu. Wakitoka, upepo unawakausha, ngozi inavuta, inawasha. Wakajisugua, wakachubuka. Fisi akawaambia hawajasugua vya kutosha, nao, kwa akili zao zile, wakarudi kusugua. Pua ya Simba ikawa kama gome la mti, na bado akasema anajisikia laini.

Bi Swala alikuwa akimlaza mwanawe majanini kila asubuhi, kama kina Swala wote wafanyavyo, kisha akaenda chemchemini na malishoni. Siku mbili mfululizo akarudi akakuta nyasi zimelazwa hatua chache tu kutoka kwa mtoto. Akamwendea Sungura.

"Kaka, kuna anayenifuata. Leo kidogo tu amguse mwanangu. Nabadilisha maficho, bado ananipata."

Sungura alikuwa anatazama ardhi. "Dada, hebu geuka nyuma."

Matone ya damu yalikuwa yamefuatana, moja moja, kutoka chemchemini mpaka hapo alipokanyaga.

"Si magaga tu hayo?"

"Magaga tu. Na aliyekuambia usugue ni nani?"

"Fisi!" akasema Bi Swala.

Sungura akamketisha. Akamwosha visigino kwa maji ya vuguvugu, upesi, bila jiwe. Hakumfuta yakaisha, akamwacha na unyevu, na papo hapo akampaka mafuta ya nyonyo aliyokoroga na nta na asali, akamfunga majani. "Kila ukioga hivyo hivyo. Usingoje ukauke. Na kule kwenye kupikwa usirudi."

Siku ya saba magaga yakafunga. Fisi akazunguka pua chini, hakuona tone. Njaa ikamuuma, akamvizia Bi Swala malishoni.

"Shemeji, sikuoni chemchemini."

"Nimepona, shemeji."

"Umepona? Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa mafuta ya Sungura."

Fisi akaenda kumtafuta Sungura, akamkuta na chungu kimejaa. Harufu ya asali ikamfanya ameze mate mara tatu kabla hajasalimia.

"Hiyo ni nini?"

"Mafuta ya nyonyo, mjomba. Ni ya kupaka. Ukila utaharisha."

Sungura alisema kweli tupu, kwa sababu alijua Fisi hana desturi ya kuamini kweli. Akaweka chungu chini, akasema anakwenda kuchuma majani. Aliporudi chungu kilikuwa kinang'aa, kimelambwa hadi kwenye ukingo.

Asubuhi Fisi hakufika barazani. Badala yake ilikuwako njia yake, imeanzia chemchemini, ikapita kila kichaka alichojaribu kujisitiri. Wanyama wakaifuata wameziba pua. Haikuhitaji fundi wa kusoma nyayo. Ikawafikisha kwenye pango, na humo mlangoni zilikuwa kwato ndogo ndogo, za mtoto wa Ngiri, za watoto wa Pofu wawili, waliopotea wakadhaniwa wamekufa kwa baridi.

Mama Ngiri akaziokota moja moja.

"Nilikuwa namshuku tangu siku ya kwanza," akasema Simba, na pua yake iliyochubuka. Tembo akamtoa Fisi pangoni kwa mkonga, amelegea kama gunia tupu, na wote wakamfukuza mpaka upande wa mlima usio na jua.

Huko baridi ikampausha yeye, manyoya yakasimama, mgongo ukapasuka mahali asipofika kwa ulimi. Siku moja akaja akichechemea mpaka malishoni. Bi Swala alikuwa anampaka mwanawe mafuta, mtoto bado ana maji ya kuoga.

"Shemeji, kidogo tu, hapa mgongoni. Siwezi kulala."

Bi Swala akamaliza sikio moja la mwanawe, akapaka na la pili, akafunika chungu.

"Chemchemi ile pale, shemeji," akasema. "Na jiwe lako bado lipo. Jisugue."