Zamu ya Kiboko Bwawani

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Mdomo unao wewe, sema!

Haya, nasema. Wewe wa nyuma, zima simu kwanza.

Palikuwa na ukame, na bwawa moja tu, na ndani ya bwawa amelala Kiboko. Anakunywa humo, anaoga humo, na mengine anayoyafanya humo siyataji mbele ya watoto. Mwenzake akisogea, anafukuzwa. Bi Kindi alikuwa na wanawe wachanga, midomo imewakauka. Roho ilimuuma sana.

Wanyama wakakutana. Wakakubaliana itengenezwe programu, kila mmoja aombe zamu ya maji kwa simu yake. Uso wa programu, ule wa kubofya, Kasuku alikwisha kuupaka rangi. Lilibaki jiko lake, upande wa nyuma usioonekana, maombi yanakofika na majibu yanakotoka. Atakayeliwasha kabla ya siku ya gulio, huyo ndiye bwana maji.

"Mimi!" akasema Kiboko.

"Na mimi," akasema Kindi.

Wakamcheka.

Kindi akafungua folda tupu. Akaandika faili moja, ta-ta-ta. Akauliza, "Upo?"

Programu ikajibu, "Nipo!"

Akaongeza kidogo, ta-ta-ta. "Upo?"

"Nipo!"

Kiboko hana subira ya namna hiyo. Alichukua mradi wa mfano uliokwisha kuundwa na wengine, akaushindilia kila kifurushi alichokiona: cha ramani, cha muziki, cha hali ya hewa, hata cha kuhesabia nyota. "Vingi ndiyo raha!" Kompyuta ikalia vuuu! Ikalia vuuuuu!

"Upo?"

Zii.

"We! Upo?"

Pwaa! Moshi.

Kiboko akajikokota hadi kwa Kindi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hiyo yako inajibu?"

"Inajibu, Mjomba. Hebu nikatafute karanga, kompyuta naiacha wazi. Ila folda yangu usiiguse, tafadhali."

Kindi alikuwa anamjua vizuri mjomba wake.

Kindi kugeuka tu, Kiboko akanakili folda nzima, chap! Akafuta jina la Kindi, akaandika lake kwa herufi kubwa. Akaondoka anapiga mluzi.

Sasa tegeni masikio. Ndani ya mradi ule kulikuwa na mstari mmoja unaosema ghala liko wapi, yaani mahali kumbukumbu zote zinapowekwa. Anayenakili mradi wa mwenzake huanza na mstari huo, aelekeze kwenye ghala lake mwenyewe. Kiboko hakuugusa. Mstari ulisema: ghala liko kwenye tundu la mti, kwa Kindi.

Siku ya gulio ikafika. Kiboko akasimama mbele ya wote. "Upo?"

"Nipo!"

Makofi pa-pa-pa! Kiboko akawa bwana maji.

Kindi akainua mkono. "Mjomba, na programu ikikosea?"

"Ikosee! Nimeiunda mimi, kwa mikono hii! Ikisema, imesema. Asiye na zamu atoke majini!"

Wanyama wote wakaapa hivyo, Kiboko akiapa kuliko wote. Kisha akajiandikia zamu zote, asubuhi mpaka jioni. Zikaenda moja kwa moja kwenye tundu la mti. Kindi akazipanga upya, ta-ta-ta.

Kesho yake Kiboko yumo majini, anaota jua. Tembo akamwambia, "Bwana maji, hebu tuulizie zamu."

Kiboko akauliza simu kwa sauti, wote wasikie. "Zamu yangu lini?"

"Baada ya Konokono."

"Konokono yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Kiboko akavimba. Akafoka, "Hii programu si ya—" Akaufumba mdomo. Aseme ni ya nani? Ya Kindi? Na jina lake limeandikwa pale kwa herufi kubwa?

Akatoka, mbu-ru-ru-ru, matope yanamchuruzika. Watoto wa Kindi wakateremka mbio, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikikupendeza, ibebe nyumbani. Isipokupendeza, iache hapo mlangoni, Konokono ataiokota akipita.

Na funzo lake, watoto: ukianza mradi mpya, usijichoshe na folda tupu. Nakili wa jirani, badilisha jina tu, mengine yaache vilevile. Hasa kama jirani yako ni mimi.