Mlango wa Kinyaiya

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, watu walipokwisha kuacha filamu na picha zikawa zinakaa ndani ya kadi isiyozidi ukucha, palikuwa na fundi cherehani mmoja chini ya mlima Kilimanjaro. Jina lake Elinami. Mchana alishona suruali za watu, na akilala aliota picha. Si picha za kuuza. Alizipenda tu, kama mwingine anavyopenda bao.

Elinami alikuwa na mama, na mama alikuwa na neno moja moyoni. Mumewe, marehemu Mzee Kinyaiya, alikuwa mpagazi, akiwabebea wageni mizigo mpaka kileleni. Siku moja alirudi akasema, "Mama Manka, nimeona mlango. Kuna ukuta wa barafu mrefu kuliko kanisa letu, katikati una mlango, na nyuma ya mlango ni mbingu." Wapagazi wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo, kijijini kwao, mtu akitia chumvi katika maneno yake huambiwa, "Huo ni mlango wa Kinyaiya." Mzee alikufa akichekwa.

Mama hakucheka, lakini hakuuona pia. Macho yake yaliona punje ya mchele kiganjani, ila cha mbali kwake kilikuwa maziwa matupu. Miwani ya kwanza aliikalia. Ya pili aliikataa, akasema pua yake haikuumbwa kubeba mizigo, aliyebeba mizigo alikuwa mumewe. Na barafu ya mlima ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, kila mwenye macho akiiona. Basi mama akawa na wimbo mmoja: "Nionyesheni mlango kabla haujaanguka, au kabla sijaanguka mimi."

Elinami akashuka mjini kwa Bwana Virani, muuza kamera, mtu wa maneno machache na mvi nyingi.

"Nataka kamera nzuri," Elinami akasema.

"Nzuri ya kuona nini?"

Elinami akarudi kushona.

Akashuka mara ya pili. "Nataka kamera kubwa."

"Kubwa ya kuona nini?"

Akarudi kushona.

Akashuka mara ya tatu. "Nataka kuona mlango ulio kileleni, nikiwa nimesimama mashambani kwetu."

Bwana Virani akavua miwani, akaifuta. "Sasa tunaongea. Kumbe shida yako si kamera, ni lenzi. Kamera ni mwili, na mwili huzeeka. Lenzi ndiyo jicho." Akatoa kabatini lenzi ndefu kama mkono wa mtoto, akaivika kamera moja nyeusi inayong'aa, ile ile ambayo Elinami alikuwa akiitazama dirishani tangu mara ya kwanza. "Chungulia," akasema.

Elinami akachungulia. Juu ya paa la ng'ambo alimwona kunguru. Akaliona jicho la kunguru. Ndani ya jicho akaliona jua. Akaondoa uso, akatazama kwa macho yake mwenyewe, akaona doa jeusi juu ya bati. Akarudi kuchungulia, na jua lilikuwa bado limo ndani ya jicho. Alijisikia mdogo, na alifurahi kuwa mdogo. "Haya yote yalikuwapo," akasema, "na mimi nashona suruali."

"Na ujue jambo moja," Bwana Virani akasema. "Ndani humu mna kioo, ndicho kinachokuletea unachokiona. Ukibonyeza kitufe, kioo kinanyanyuka kupisha picha, na kwa kufumba na kufumbua utaona giza. Anayepiga picha ndiye pekee asiyeuona wakati anaoupiga."

Elinami akayaweka maneno hayo moyoni. Lakini pesa zake zilitosha mwili au jicho, hazikutosha vyote viwili. Basi akamwendea dada yake.

Dada yake ni Manka, mkunga wa zahanati, aliyewahi kupiga picha za ndege migombani mpaka kamera yake ikafa. Kamera ilikufa, lenzi ikabaki. Kule juu mlimani alikokaa kuna baridi na unyevu, na kuvu huota ndani ya lenzi kama nywele. Likishaota, kwaheri. Kwa hiyo Manka aliiweka lenzi yake ndefu kwenye debe la mchele mkavu, na kila masika aliubadilisha mchele. Miaka minane hivyo.

"Dada, niazime jicho lako."

"Nitakuazima, mdogo wangu. Lakini lenzi hii haivai kila kamera. Pete yake inakubali kamera za ukoo wake tu."

Na ile kamera nyeusi inayong'aa ilikuwa ya ukoo mwingine. Elinami akashuka mjini mara ya nne. Akaishika nyeusi, akairudisha. Akachukua nyingine iliyochakaa, mpira umebanduka ubavuni, ya ukoo wa lenzi ya dada yake. Moyo ulimuuma, siwafichi. Bwana Virani akasema, "Leo umechagua kama mtu anayeona."

Sasa yuko wa tatu. Nsia, mke wa Elinami, alivaa miwani, na miwani ilimgonga kila alipochungulia. Kando ya kitundu cha kuchungulia palikuwa na gurudumu dogo, dogo kuliko kifungo cha shati. Nsia akavua miwani, akalizungusha gurudumu, na dunia ikasimama wazi mbele ya macho yake matupu. Alitazama majani ya mgomba wa jirani, akaona matone ya umande yamejipanga pembeni, akasahau chungu jikoni. Kisha akaiweka kamera mezani, akaenda zake.

Elinami akaja, akachungulia, akaona maziwa. Akafuta lenzi, maziwa. Akafuta tena, maziwa. Akapandisha mpaka kwa dada yake. "Manka, lenzi yako imeingia kuvu."

Manka alilichukua debe akaumwaga mchele wote uani, kuku wakaja. Mwezi mzima hawakusalimiana, hata kanisani. Mpaka Elinami alipoipeleka kamera mjini, Bwana Virani akaligusa lile gurudumu kwa ukucha, na maziwa yakaisha. "Lenzi nzima," akasema. "Gurudumu hili linafuata macho ya anayechungulia. Nyumbani kwako kuna mwingine anayeona."

Elinami akachuma jani la isale akampelekea dada yake, maana kwao aliyeletewa jani hilo hana budi kusamehe. Manka akasamehe, ingawa aliomba na mchele. Elinami akarudi nyumbani, akabandika plasta juu ya gurudumu, akamwambia mkewe, "Hapa hapaguswi."

Nsia akauliza, "Kwa hiyo kamera hii ni ya macho ya mtu mmoja?"

Ikafika Januari, mwezi ambao mlima hujifunua asubuhi kabla wingu halijaamka. Wakapanda wanne mpaka shamba la mwisho, mahali msitu unapoanzia: Elinami na kamera, Manka na lenzi kifuani chini ya kanga, Nsia na stendi ya miguu mitatu, na mama na fimbo yake. Siku ya kwanza mlima ulijifunika. Siku ya pili ulijifunika. Siku ya tatu jua lilipotoka, wingu likapasuka kama nguo mshononi, na mlima ukasimama.

Umezaliwa chini yake, umezeeka chini yake, na bado mlima ukijifunua unavua kofia. Elinami akainama kwenye kamera. Akapita mawe, akapita mchanga, akafika kwenye barafu. Ukuta wa buluu, mrefu, kimya. Katikati ya ukuta palikuwa na tundu, na ndani ya tundu mbingu ya asubuhi, nyekundu. Mlango. Kinyaiya hakusema uongo. Elinami akajikuta analia huku amefumba jicho moja. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Nyuma yake mama akauliza, "Umeona nini, mwanangu?"

"Mlango upo, mama."

"Nionyeshe."

Na wingu lilikuwa limeanza kupanda kutoka msituni. Nafasi ilikuwa ya mmoja: angoje lenzi ndefu itulie kwenye upepo apige picha aliyoingoja, au mama achungulie. Elinami akaondoa kidole, akasogea kando.

Mama akainama. "Naona maziwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea.

Hapo Nsia akapita mbele ya mumewe, akaibandua plasta kwa meno, akaanza kulizungusha gurudumu polepole. "Sasa, mama?" "Maziwa." "Sasa?" "Maziwa mepesi." "Sasa?"

Mkono wa mama ulioshika kamera ukakaza. "Baba Manka," akasema, "kumbe ulikuwa unapunguza."

Na kwa kule kukaza, kidole kikabonyeza kitufe, kamera ikalia, khacha.

"Kumekuwa giza," mama akasema. Alipochungulia tena, wingu lilikuwa limeshafika.

Wakatazama kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Picha ilikuwa moja tu, na haikutikisika. Ukuta wa buluu, mlango, mbingu nyekundu mlangoni. Manka akafunika mdomo kwa mkono. Mwaka uliofuata mlima ulipojifunua, pale palipokuwa na mlango palikuwa na mawe meusi. Hakuna mwingine atakayeupiga tena.

Wazee wapagazi, wale wale waliocheka, wakaja nyumbani kofia mkononi. Wakaomba picha ikuzwe, itundikwe ofisini kwao, kila apandaye mlima apite chini yake. Ikakuzwa, ikawekwa fremu, akaitwa fundi wa kuandika mabango. Fundi akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. "Hapa chini nafasi ni ya jina moja," akasema. "Imepigwa na nani?"

Manka akasema, "Bila lenzi hiyo kamera ni sanduku. Miaka minane nimebadilisha mchele, na nikaambiwa nina kuvu. Andika Manka."

Nsia akasema, "Jicho lilikuwapo na mwili ulikuwapo, na mama bado aliona maziwa. Asingeona, asingekaza mkono. Asingekaza mkono, leo tungekuwa na wingu. Nilikatazwa, nikagusa. Andika Nsia."

Elinami alitaka kunyamaza. Alilitaka jina lile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na aliona haya kulitaka. Lakini alisema. "Niliiacha kamera niliyoipenda nikachagua inayofaa. Nikautafuta mlango mpaka nikaupata. Picha ilikuwa chini ya kidole changu, nikamwachia mama. Nyie mlileta mlivyokuwa navyo. Mimi nilitoa nilichokuwa nakwenda kukipata. Andika Elinami."

Wote wakamgeukia mama. Mama akasema, "Aliyebonyeza ni mimi, sikatai. Lakini nilipobonyeza niliona giza, wanangu, na mtu hasifiwi kwa giza. Yupo aliyeuona kwanza, bila lenzi, mzigo u kichwani, na ujira wake ukawa kicheko. Andika Kinyaiya."

Mpagazi mmoja mzee akakohoa. "Mama Manka, marehemu hakupiga picha."

"Na nyinyi hamkuhitaji picha," mama akamjibu, "mlihitaji kumwamini." Mzee akainamisha kichwa.

Fundi alikuwa bado ameinua brashi. Tone la kwanza la rangi likaangukia kidole chake cha mguu. La pili lilikuwa linajivuta nchani mwa brashi, chini yake picha, na katika picha mlango uko wazi.

Mimi mzigo nimeubeba mpaka hapa, naushusha; mwenye mgongo aupokee. Fundi anangoja jina moja, si mawili. Je, nani alistahili?