Kiboko Mtekelezaji wa Mradi

Paukwa!
— Pakawa.
Pakawa bwawa, na bwawa likapata mwenyewe.
— Mwenyewe nani?
Tumbo.

Basi hapo zamani, wala si zamani sana, alikuwepo Pimbi, mnyama asiyemzidi sungura kwa kimo. Alikaa na wenzake kwenye mawe ya mteremkoni. Juu yao palikuwa na bwawa, na bwawani alikaa Kiboko. Ukienda kuchota, anakufukuza. Ukienda kuomba, anakufukuza. Wadogo wakabaki kulamba umande. Mwanawe Pimbi alipasuka midomo hata kulia hakuweza.

Pimbi na wenzake wakaunda kikundi, wakaomba ruzuku ya mkoa ili mfereji uchimbwe. Mara mbili waliandika, na mara mbili barua zilipitia kwa Kiboko, maana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kata. Naye akazikalia. Si fumbo hilo; alizikalia kwa makalio, matope yakafuta hata sahihi.

Mwaka wa tatu Kiboko akasikia kwamba ruzuku ni magunia arobaini ya mahindi. Kwa kuwa hakujua kusoma, akamwita Pimbi amwandikie ombi yeye. Pimbi akaenda, roho juu. Akaandika, kwaru, kwaru, kisha akauliza, "Mheshimiwa, nikuweke wapi? Kuna mtekelezaji na kuna mlengwa."

"Kikubwa kipi?"

"Mtekelezaji. Asipokuwepo yeye, hakuna kinachofanyika."

"Na mlengwa?"

"Huyo hukaa tu, akingoja mradi umfikie."

Kiboko akacheka mpaka bwawa likafurika. "Hapo jiandikeni nyinyi wavivu."

Akagonga guu lake kwenye karatasi, ndi!

Akaja Korongo, ndege mwenye shingo ndefu, mkaguzi wa mkoa. Akalisoma ombi, akalipitisha, akasema magunia yatakuja mfereji ukishafika kwenye mawe. Na wa kuchimba ni nani? Ni mtekelezaji.

Siku ya kwanza Kiboko akachimba, gubu, gubu, akahema. Siku ya pili akachimba, gubu, gubu, akahema. Pimbi na wenzake wakakaa juu ya mawe, wakilengwa. Siku ya saba akatoboa ukingo wa bwawa, maji yakateremka, chururuu, na mwanawe Pimbi akanywa mpaka akajikojolea.

Punda wakaleta mahindi, wakayaingiza mapangoni kwa walengwa. Kiboko akayafuata. Kichwa kikaingia, tumbo likakataa. Akamwuliza Korongo fungu lake liko wapi. Korongo akafungua mkoba, akampa cheti chenye mhuri na jina lake kwa herufi kubwa.

Kiboko akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakitafuna.

Ngano yangu naifunga hapa. Atakaye kuifungua atafute kamba yake. Na funzo ni hili, wanangu: ukiambiwa uchague kati ya mahindi na cheo, chagua cheo. Hakihitaji kupikwa.