Bi Somoe na Bao la Mtwara

Mtabiri hujulikana kesho yake. Nimewasikia mkimtupia mwenzenu maneno hayo baada ya timu yake kufungwa, mkacheka kana kwamba maana yake ni kuwa mtu akikosea utabiri hana budi kuzomewa. Kisha mkaniuliza methali yenyewe imetoka wapi. Basi kaeni niwaeleze, wajukuu zangu, maana ilizaliwa kwetu Nachingwea, penye cherehani ya Bi Somoe Nangwale, na chanzo chake ni hiki.

Bi Somoe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza kinachotazamana na soko, na pembeni yake, juu ya kigoda, ilikaa redio. Miaka ile mpira tuliupata kwa masikio. Mtangazaji akisema, Bi Somoe alimjibu, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. Simba na Yanga alizisema zote mbili, hakuipendelea hata moja. Lakini timu yetu ya mji, Mikorosho, hiyo aliipenda kama mtoto wake wa mwisho, na kama mtoto wa mwisho, aliikemea kuliko zote.

Kila Jumatatu mashabiki walijaa kibarazani pale, si kwa sababu walikuwa na nguo za kushona. Walitaka kusikia Bi Somoe anasemaje. Wengine wakitabiri walijifunika kwa "huenda" na "Mungu akipenda, labda." Bi Somoe hakuwa na labda. Alisema yule winga mpya atachoka kabla ya mvua za kwanza, na akachoka. Alisema timu ya Masasi haiwezi kutufunga hata ikiletewa miguu ya kuazima, na ikatufunga. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, kabla ya mtu kufungua kinywa: "Masasi wamenikata ulimi. Haya, tuendelee." Watu wakacheka naye, yakaisha. Kukosea kwake kulikuwa hakujamuumiza mtu.

Ikafika mwaka ambao Mikorosho ilikuwa karibu kupanda daraja. Ilibaki mechi moja, hapahapa nyumbani, na wageni walitoka Mtwara. Sare tu ilitutosha. Mji mzima uliwaza jambo moja: golini akae nani? Kipa wetu wa siku zote alikuwa Hokororo, mtu mzima mwenye akili ya mpira, ila magoti yalikuwa yameanza kumsaliti. Wa pili alikuwa Dadi, kijana mwembamba aliyeruka kama ngedere, ambaye bado hakuwa amecheza mechi kubwa hata moja.

Kocha Nambunga alielekea kumweka Hokororo. Bi Somoe akasimama kibarazani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akasema soko zima likasikia: "Dadi akikaa golini, bao haliingii. Hata moja. Msije mkasema sikuwaambia." Maneno hayo yakatembea. Wauza samaki wakayachukua, vijana wakayaimba njiani, na ilipofika Ijumaa kila aliyekutana na kocha alimuuliza kwa nini anamficha Dadi. Kocha naye ni binadamu. Jumapili akamweka Dadi.

Alicheza vizuri, na hilo nililiona mwenyewe. Alizuia mashuti ambayo Hokororo asingeyafikia, uwanja ukawa unaliita jina lake, na Bi Somoe alikuwa amesimama kwenye kamba, mtandio umeshuka mabegani, anawageukia watu kama mwenye shamba anayeonyesha mavuno. Mechi ikiwa inakaribia mwisho, mchezaji mmoja wa Mtwara akapiga mpira hafifu, mpira wa kuokotwa. Dadi akainama. Mpira ukampita katikati ya miguu, ukavuka mstari polepole, kila mtu akiutazama.

Kipenga cha mwisho kilipolia, watu hawakulia. Walikasirika. Walioleta chupa za maji wakazirusha. Polisi wakamtoa Dadi kwa mlango wa nyuma, na kabla hajafika nyumbani tayari maneno yalishamtangulia. Watu walikumbuka kwamba mjomba wake anaishi Mtwara. Bwana Ligoneko, muuza nyama, mtu wa kauli nzito ambaye sokoni hakuna aliyempinga, alisema mpira ule hata mtoto wa chekechea angeudaka, na kwamba kijana ametuuza. Akishasema Ligoneko, wengine huitikia.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Bi Somoe aliamka akiwa na uzito ambao hakuuzoea. Mumewe, Bakiri, mtu mpole asiyependa makelele, alimshauri aende kwa dada yake Masasi, akapumzike mpaka mji upoe. Alimwambia hakuna atakayemlaumu, maana watu walikuwa wanamtafuta Dadi, hawamtafuti yeye. Bi Somoe aliona ni kweli. Alikunja kanga mbili akazitia kwenye mkoba. Ndipo ikamjia kwamba katika hasira yote ya jana, hakuna hata mtu mmoja aliyemkumbusha yale maneno yake. Waliyameza wote, kwa sababu kijana alikuwa rahisi zaidi kuliwa. Badala ya kumpa nafuu, jambo hilo likamwaibisha. Akazitoa zile kanga.

"Masasi haiendeki leo, baba Zuhura," alimwambia mumewe. "Neno langu bado liko sokoni."

Hakwenda kwenye cherehani moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwa kina Dadi. Mama yake kijana alifungua mlango nusu, macho mekundu, akaeleza kwamba asubuhi wauza mboga wamekataa kumwuzia hata fungu la mchicha. Dadi alikuwa ndani amekaa juu ya begi lililofungwa. Alitaka kupanda basi la Mtwara, kwa huyohuyo mjomba.

Bi Somoe aliketi sakafuni mbele yake. Akamuuliza mpira ule ulimpitaje.

"Sijui, mama," alisema Dadi. "Niliusikia uwanja unaniita. Nikawaza kwamba tumeshapanda. Nilipoangalia chini, ulikuwa umeshapita."

Bi Somoe hakulitegemea jibu hilo: kumbe ni ule ule wimbo alioutunga yeye uliomziba kijana masikio.

"Ukipanda basi hilo leo," alisema, "utakuwa umewasaidia kusema uongo. Twende wote. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakutukana. Nakuahidi kwamba wataanza na mimi."

Mama yake hakutaka. Alisema watampiga mtoto wake. Bi Somoe akamjibu kwamba yeye ni mrefu kuliko Dadi, na atatangulia. Kijana akanyanyuka.

Walivuka soko wakati limechangamka, na watu waliacha mizani wakawatazama. Kibarazani walikuwa wamejaa kama kila Jumatatu, ila hakuna aliyewasha redio. Bi Somoe akavuta benchi la wateja, akamketisha Dadi, kisha yeye akasimama kati yake na watu.

Ligoneko alikuwa mbele. "Bi Somoe," alisema, "umetuletea aliyetuuza?"

"Nimewaletea aliyefungwa," alijibu. "Aliyewaambia hatafungwa ni mimi. Nilisimama hapa hapa, na wewe Ligoneko ulikuwa umeshika kisu chako, ukaitikia. Kocha alitaka kumweka Hokororo. Nilipiga kelele mpaka hakuweza kujisikia mwenyewe. Niliitazama mikono ya huyu kijana, nikasahau kutazama umri wake. Nilikosea. Kama kuna mtu aliyewanyima daraja, mnaye hapa, ana cherehani na hana mjomba Mtwara."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamezoea kumsikia akikiri kosa, lakini walikuwa hawajawahi kumwona akilibeba la mwingine juu ya lake.

Ndipo nyuma ya watu akajipenyeza Hokororo. Huyu ndiye aliyenyang'anywa nafasi yake, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kufurahi siku hiyo, ni yeye. Alikuja akichechemea, akaketi benchini karibu na Dadi, akanyoosha goti lake bovu. Akasema kwamba ujanani, huko Newala, alifungwa tobo la namna ileile, mpira katikati ya miguu, ambalo hata kipofu angelizuia, na hakuna aliyemwita muuzaji, kwa sababu tu babu yake alikuwa sheikh. Kisha akamgeukia kijana.

"Kesho alasiri uje uwanjani," alimwambia. "Nitakufundisha kuinama."

Watu wakaanza kupumua. Mwanamke mmoja muuza mboga akaondoka kimya, na baadaye ilijulikana kwamba alipeleka mchicha kwa mama Dadi. Mzee mmoja, kwa kutaka kuukata uzito ule, akauliza kama Bi Somoe bado ana ulimi wa kutabiri msimu ujao.

"Ninao," alisema Bi Somoe, akaketi kwenye cherehani yake. "Tutapanda. Na golini atakuwa huyu."

Wajukuu zangu, ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa hivyo. Haikuwa. Msimu uliofuata hatukupanda, Bi Somoe alikosea tena, na Jumatatu yake alikuwa pale pale akisema amekosea na kueleza kwa nini. Tulipanda mwaka wa baada ya huo, Dadi akiwa golini na Hokororo akimfokea kutoka benchi la makocha. Dadi hakupata kuwa kipa wa Taifa. Alikuwa kipa wetu mpaka mvi zilipomtoka, na hakuna aliyemtaja tena kwa bao la Mtwara ila yeye mwenyewe, alipokuwa akiwafundisha wengine.

Na methali aliisema nani? Si Bi Somoe. Aliisema Ligoneko, muuza nyama. Miaka baadaye alikuja mjini bwana mmoja mjuzi wa mpira, kila wikendi akitabiri kwa mbwembwe, na vijana wakamsifu mbele ya Ligoneko kwamba huyu amempita Bi Somoe, kwa kuwa anapatia mara nyingi zaidi. Ligoneko aliwauliza bwana huyo akikosea, Jumatatu yake huonekana wapi. Hakuna aliyewahi kumwona Jumatatu kama hiyo. Ligoneko akafuta kisu chake, akatazama ng'ambo ya soko, ambako mama mmoja mrefu, sasa amevaa miwani, alikuwa anabishana na redio.

"Jumapili kila mtu ni mtabiri," alisema. "Mtabiri hujulikana kesho yake."