Nakshi Iliyoitwa Nitwike

Natandika!
— Tandika tukae!
Nitandike wapi?
— Hapa hapa, miguuni petu!
Na wa nyuma je?
— Wasogee!

Haya, sogeeni basi. Wewe mwenye magoti marefu, yakunje, mwenzio hana pa kukaa.

Hapo kale, zamani zile wanyama walipokuwa bado wanaitikia salamu, palikuwa na kijiji cha wasukaji wa mikeka, kikiitwa Mikinduni. Na Mikinduni palikuwa na binti, jina lake Mwanamvua.

Mwanamvua alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, anarudi kuutazama. Akishautazama, anarudi tena. Akihesabu ukindu wa kusukia, anahesabu mara tatu, na hesabu ya tatu ndiyo anayoitilia shaka. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Mnamjua. Msimtazame, mwacheni asikilize hadithi.

Alilelewa na bibi yake, Bi Mize. Bi Mize alikuwa fundi. Mkeka wake ukitandikwa, umelala kama maji kwenye sinia. Wakikaa barazani kusuka, bibi humtania mjukuu wake kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, humwita mke mwenzangu.

Bi Mize akazeeka, akafa. Akaacha vitu viwili. Cha kwanza, shamba la mikindu nyuma ya nyumba. Cha pili, bunda la ukili mweupe. Ukili ni ule mkanda mrefu wa ukindu uliosukwa. Unakatwa, unashonwa ubavu kwa ubavu, ndipo unapatikana mkeka. Bi Mize alikuwa amesuka ukili wake akauzungusha, akauzungusha, akauzungusha, bunda likawa kubwa kama jiwe la kusagia. Hakujaliwa kuushona.

Sasa sikilizeni desturi ya Mikinduni. Msukaji akifa, siku ya arobaini yake mrithi hutandika mkeka mpya, wageni wa dua waukalie. Na mkeka huo lazima uwe na nakshi ambayo haijaonekana kwa mtu mwingine. Mrithi akiweza, shamba la mikindu ni lake. Asipoweza, linapewa mkono mwingine.

Mwanamvua akasuka maua. Akatazama: maua yako kwa jirani. Akafumua. Akasuka nyota. Nyota ziko kwa mke wa imamu. Akafumua. Akasuka mifupa ya samaki. Nani asiye na mifupa ya samaki? Akafumua. Na kila alichosuka, kwa ile hofu yake, alikivuta akakibana, ukili ukajikunja kama mkia wa mbwa.

Siku ya ishirini na nane akaja Bi Amria, mkuu wa wasukaji.

"Mwanamvua, siku ya arobaini tutakalia nini?"

"Mtakalia mkeka, bibi."

"Uko wapi niuone?"

"Uko njiani."

"Njia ndefu hiyo, mwanangu," akasema Bi Amria, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Mwanamvua akaenda shambani, akakaa juu ya kichuguu, akalia. Mara akasikia mtu anaimba chini yake:

*Sikupewa, sikuomba,*
*nimejilea, nimejitosha,*
*Nguchiro mimi, sina wa kumshukuru!*

Akatoka Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, mkia mrefu, macho mekundu. Akafuta vumbi puani.

"Nani huyu anayenililia juu ya paa?"

"Nisamehe, bwana. Sikujua ni nyumba ya mtu." Mwanamvua akamweleza habari yote, mkeka, nakshi, shamba.

Nguchiro akacheka mpaka akashika mbavu. "Utapata wapi kitu chako, wewe? Asubuhi mpaka jioni unapokea vya watu! Kichwa chako kimejaa vya watu. Mimi unaniona? Sijapokea kitu kwa mtu tangu nizaliwe. Ndiyo maana nina akili. Sikiliza. Kaa siku tatu usipokee kitu cha mtu yeyote. Ukiweza, nakshi itakutoka yenyewe. Usipoweza, nakuja kuchukua lile bunda la bibi yako. Nitalifanya kitanda."

Bila bunda hakuna mkeka, maana siku zilizobaki hazikutosha kusuka ukili wote upya. Lakini bila nakshi pia hakuna mkeka. Akafikiri. Akafikiri tena. Akafikiri mara ya tatu.

"Na wewe je?" akauliza. "Ukija kupokea mkono wa mtu?"

"Mimi? Siku utakayonisikia nikiomba msaada mbele za watu, nitarudisha kila nilichochukua."

"Mbele za watu wangapi?"

"Loo! Wewe nawe! Watatu!"

"Watatu pamoja na mimi, au mimi mbali?"

"Wewe mbali! Nenda zako, utanipa homa!"

Wakakubaliana.

Siku ya kwanza. Mwanamvua akaamka, akaenda jikoni. Usiku alikuwa amefunika makaa kwa majivu kama wafanyavyo watu wote. Lakini mtu wa wasiwasi! Alifunua kuona kama yanawaka. Akafunika. Akafunua tena. Asubuhi makaa yamekufa. Desturi yake ni kwenda kwa jirani, Bi Somoe, na kifuu cha nazi, akapewa kaa moja. Leo hakwenda. Bi Somoe mwenyewe akachungulia uani.

"Mwanamvua! Sioni moshi. Nikuletee moto?"

"Hapana, shangazi. Leo sipiki."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Tumegombana?"

"Hatujagombana."

Bi Somoe akasimama pale na kaa lake kwenye kifuu, kaa likiwa jekundu, likipumua. Kisha akarudi kwake polepole. Mwanamvua akala muhogo mbichi. Ndipo alipokumbuka kwamba kila asubuhi ya maisha yake kuna mtu alitazama paa la nyumba yao kuona kama lina moshi. Hakuwahi kulifikiri jambo hilo hata siku moja.

Siku ya pili. Akaenda kisimani na mtungi. Mtungi mtupu aliubeba kwa mkono mmoja. Akateka, akajaza. Sasa mtungi umejaa, uko chini. Nani wa kuuweka kichwani? Akajaribu. Maji yakamwagika. Akajaribu tena, yakamwagika. Mara ya tatu akajimwagia mwenyewe, kanga ikaroa mpaka kifuani. Wanawake walikuwa wanamtazama. Mwanakombo, binti wa rika lake, akaweka mikono kiunoni.

"We Mwanamvua! Unateka maji au unaoga?"

"Niache."

"Njoo nikutwike, usijivunje shingo."

"Nimesema niache!"

"Haya, bibi harusi, oga," akasema Mwanakombo, na wenzake wakacheka. Lakini hakucheka yeye. Alikuwa tayari ameinama, mikono miwili iko mbele, viganja juu, kama alivyomfanyia kila siku. Akaikunja ile mikono mitupu, akaenda.

Mwanamvua akarudi nyumbani na robo ya mtungi. Njia nzima aliiona ile mikono.

Siku ya tatu akajifungia ndani, asikutane na mtu. Akasema moyoni, leo hakuna wa kunipa kitu. Akachukua ukindu, akaketi kusuka. Akaulowesha mdomoni. Akaukunja kwa kidole gumba. Akaupitisha juu, akaupitisha chini. Wasiwasi ukaja, mkono ukaanza kubana. Na palepale akasikia kidole kinamgonga kifundo cha mkono, tik, tik, tik, kama zamani.

"Legeza mkono, mke mwenzangu. Unasuka mkeka, husuki mtego."

Akageuka. Hakuna mtu. Ilikuwa kumbukumbu tu. Lakini mkono umelegea wenyewe.

Akautazama mkono wake. Kule kulowesha mdomoni, kwa nani? Kwa bibi. Kukunja kwa gumba je? Kwa bibi. Na kulegeza? Akacheka, na machozi yanamtoka. Mlango ameufunga, tena ameuangalia mara tatu, na bado amepokea. Angejificha wapi, na mkono wake mwenyewe ni wa kupewa?

"Nimeshindwa," akasema kwa sauti.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Nyinyi mngenyamaza? Msijibu, naona nyuso zenu. Yeye lakini hakuweza hata kuhesabu ukindu kwa uongo. Akafungua mlango, akachukua kifuu, akaenda mbio kwa Bi Somoe.

"Shangazi, naomba moto. Na ahsante."

"Ahsante ya nini? Kaa moja tu."

"Ya hili na ya yale yote."

"Mtoto huyu anaumwa kweli," akasema Bi Somoe, lakini akampa makaa mawili.

Kisha akaenda kwa Mwanakombo. "Nilikukaripia jana. Nisamehe. Kesho nitwike."

"Nitakutwika, lakini ulioga vizuri," akasema Mwanakombo.

Mwanamvua akarudi akakaa mbele ya bunda. Nakshi sasa aliiona. Lakini bunda ni la Nguchiro, na neno ni neno. Akafikiri mara moja, mara mbili, na kabla hajafika mara ya tatu akakumbuka mtungi. Mtungi mtupu aliubeba peke yake. Uliojaa ulimshinda.

Akalibingirisha bunda mpaka kisimani, akalitia kwenye birika la mawe. Ukili hulowekwa kabla ya kushonwa, ndivyo alivyofanya bibi, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Ukindu ukanywa maji. Ukanywa, ukanywa, ukanywa.

Asubuhi Nguchiro akamfuata kisimani akiimba:

*Sikupewa, sikuomba,*
*nimejilea, nimejitosha,*
*Nguchiro mimi, sina wa kumshukuru!*

"Umeshinda," akasema Mwanamvua. "Bunda lile pale, ndani ya birika. Chukua."

Kisimani wanawake walikuwa wengi, mitungi imepangwa. Nguchiro akalivuta bunda kwa kucha na meno, likatoka, likaanguka puu! Akalisukuma kwa kichwa. Halikwenda. Akalishika kwa meno akaruka. Akarudi chini na uzi mmoja mdomoni. Akainama, akaingiza shingo chini yake, likamlalia, ukabaki mkia tu ukipunga.

"Bwana Nguchiro," akasema Mwanakombo, "huko chini kuzuri?"

"Napumzika!" akajibu Nguchiro.

Akajitoa. Akasimama kwa miguu miwili, mikono kifuani. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Wanawake wanamtazama. Kila mmoja alikuwa na mtungi uliojaa, na kila mmoja alijua neno linalotakiwa kusemwa. Jua likapanda.

Nguchiro akanong'ona kitu.

"Umesema?" akauliza Bi Somoe.

"Sijasema."

"Umesema nini?" akauliza Mwanakombo.

"Nimekohoa!"

Wakasubiri. Mwisho akafumba macho: "Jamani, nitwikeni!"

Loo! Kisima kizima kikapiga vigelegele.

"Watu watatu?" akauliza Nguchiro kwa huzuni.

"Kumi na wawili," akasema Mwanamvua. "Mimi mbali. Nimehesabu."

Nguchiro akaliacha bunda. Na Mwanamvua akainama, akamtekea maji kwenye kifuu, maana alikuwa anahema sana. Akayanywa. Ahsante hakusema. Akakimbilia kichuguuni.

Mwanamvua na Mwanakombo wakashikana, wakalitwaa bunda pamoja. Siku nane zilizobaki Mwanamvua akasuka. Ukindu mmoja akauchemsha kwa magome ya mkoko, ukatoka mwekundu. Mwingine akauzika kwenye tope, ukatoka mweusi. Wenzake wakamchania ukindu, naye akasuka, akashona mikanda ya rangi katikati ya mikanda myeupe ya bibi. Mkono ulipobana, akaugonga mwenyewe, tik, tik, tik.

Arobaini ikafika. Mkeka ukatandikwa. Watu wakautazama, hawajauona mahali. Nukta nyekundu moja moja, pembeni. Katikati, mistari miwili myeusi iliyoinama, ikikutana juu kama mikono inayoinua kitu.

"Jina lake?" akauliza Bi Amria.

"Nitwike."

"Tueleze."

"Nyekundu ni makaa ya Bi Somoe. Nyeusi ni mikono ya Mwanakombo. Nyeupe ni bibi yangu."

Bi Amria akakunja uso. "Hilo la jirani, hilo la rafiki, hilo la marehemu. Sasa chako kiko wapi, mwanangu?"

Shamba la mikindu lilikuwa limening'inia hapo. Mwanamvua akaona wasiwasi unakuja, akaulegeza.

"Changu ni mshono, bibi. Vilikuwa mbalimbali, nimevishona. Na aliyepo hapa aliyewahi kunisaidia nami nikapita bila kusema kitu, leo nasema: ahsanteni."

Bi Amria akainama, akapitisha kiganja kwenye ukingo. Akabonyeza pembe ya kwanza. Haikuinuka. Ya pili. Ya tatu. Mkeka umelala kama maji kwenye sinia. Akamtazama Mwanamvua, akavua viatu vyake, akakaa.

Bi Somoe akakaa. Mwanakombo akakaa. Wageni wote wakakaa, dua ikasomwa, na mikindu ya Bi Mize ikabaki kwa mke mwenzake.

Na Nguchiro? Mtamwona. Ukipita shambani utamkuta amesimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, anatazama kulia, anatazama kushoto. Anamsubiri wa kumtwika. Kuomba tena anaona haya. Mpungieni mkono, maskini, mpite.

Nakunja!
— Kunja twende!
Nakunja peke yangu?
— Shika pembe hiyo, nasi tushike hii!
Basi ahsanteni kwa pembe zenu. Hadithi imekunjwa, mwenye kuihitaji akaitandike kwao.