Ufunguo wa Choo cha Matroni

Mwenye kikombe mkononi akiweke chini kwanza. Hadithi hii wengine wameianza wakakimbilia nje katikati; mimi peke yangu huifikisha mwisho, tena nikiwa nimeshiba.

Katika chuo kimoja cha ualimu, bweni la wasichana, walikaa watatu chumba kimoja. Sekela alijaliwa pua. Ukipita mlangoni alijua jana ulikula dagaa, na hizo soksi umezivaa siku ya ngapi. Bhoke alijaliwa mkono usiojua kinyaa: choo kikiziba, wenzake walitafuta mti wa kuzibulia, yeye alikunja mkono wa shati. Mwanahawa alijaliwa ulimi. Akikusimulia embe, mate yanakutoka. Akikusimulia kidonda, unajikuna.

Kwa Sekela, kipaji kilikuwa adhabu. Vyoo vilikuwa sita kwa wasichana themanini, na sitavieleza, maana nawaheshimu. Alikuwa hanywi maji, ili asiwe na cha kupeleka kule. Wiki ya tatu mkojo ukawa kama chai ya rangi, kiuno kikaanza kumchoma. Nesi alimwambia wazi, "Kunywa maji, uende chooni. La sivyo utaziua figo."

Sasa, bweni lilikuwa na matangi mawili. La mbele matroni alilitia dawa, na maji yakanuka dawa. La nyuma halikutiwa kitu, na wasichana walilipenda: maji yake matamu, walisema, yana ladha. Kumi na mmoja walipolala kwa kuhara juma la mitihani, kila mtu alilaumu dawa ya tangi la mbele, na ndoo zikazidi kupangwa nyuma.

Jumamosi asubuhi Sekela akajilazimisha kunywa. Kopo lilipofika chini ya pua, mkono ukasimama. Nyuma ya ule utamu kulikuwa na kitu kizito, chenye mafuta mafuta.

"Humu kuna maiti," akasema.

"Shoga, kwako wewe hata sabuni inanuka," Mwanahawa akamjibu.

Sekela akaondoka akiifuata pua yake, ndoo kwa ndoo, bomba kwa bomba, mpaka chini ya tangi la nyuma. Hapo akaegemea ukuta, akatapika nyongo tupu, kisha akanyoosha kidole juu.

Bhoke akapanda. Akafunua mfuniko, akachungulia, akaguna, akazamisha mkono mpaka kwapani. Mara ya kwanza ulitoka na manyoya matupu. "Ngozi inavuka," akatangaza, kwa sauti ya mtu anayemenya kiazi. Mara ya tatu akamshika vizuri. Panya buku, amevimba kama mkate wa kumimina, hana unyoya hata mmoja, mkia unaning'inia kwa uzi wa ngozi.

Mwanahawa naye alikimbilia bwaloni, maana alikumbuka walilolisahau wenzake. Uji wa Jumamosi huwa wa moto sana na foleni haina subira, kwa hiyo mpishi huupoza kwa ndoo nzima ya maji ya tangi la nyuma. Ndoo ilikuwa imeshamiminwa. Upawa ulikuwa kazini.

"Acheni huo uji, una panya."

"Umechemka," mpishi akasema. "Moto umeua kila kitu."

"Umechemka, halafu ukapozwa na supu ya marehemu."

Wakacheka, wakanyanyua vikombe. Njaa ya mwanachuo mnaijua. Ndipo Mwanahawa akavuta kiti, akaanza kumsimulia panya. Alianza na macho. Akashuka tumboni. Akaeleza uji vuguvugu unavyoteleza kooni, na ni nini kingine huteleza hivyohivyo. Alipofika kwenye mkia, mpishi mwenyewe aliweka upawa chini akatoka mbio, na sufuria zima likamwagwa shimoni.

Hakuna wa kumi na mbili aliyeugua.

Siku chache baadaye matroni akawaita wale watatu, akaweka ufunguo mezani. Ulikuwa wa choo chake mwenyewe: vigae vyeupe, maji yanashuka ukivuta, sabuni ipo. "Namtaka aliyeliokoa bweni," akasema. "Mmoja tu. Wakiingia watatu leo, kesho wataingia themanini."

"Bila pua yangu mngekuwa mnamnywa mpaka leo," akasema Sekela.

"Pua yako ilitapika ikakaa chini," Bhoke akasema. "Mkono huu ndio uliomtoa. Na tangu siku ile nani amekula nami sahani moja? Nauosha, mnauangalia tu."

"Panya alishatoka, na uji bado ulikuwa unapakuliwa," akasema Mwanahawa. "Tena nyie mlimwona mara moja. Mimi nimemtia kinywani kwa maneno, na hatoki. Kila nikila natapika, na natapikia kwenye vile vyoo vyetu."

Sekela akautazama ufunguo. Kiuno kilikuwa kinamchoma, na tangu asubuhi hajagusa maji. Lakini matroni hakuuliza nani anaumwa. Aliuliza nani aliokoa.

Haya, nyie mlioziba midomo, izibueni sasa. Ufunguo ni mmoja na mikono ni mitatu, ukiwemo ule wa Bhoke. Mngeuweka katika upi?