Jinsi Mzee Kajiru Alivyobebwa Hadi Kisiwi

Boma likihama, mzigo haulali.

Ndivyo nilivyomjibu mwenzenu Mbonea asubuhi, aliposema hesabu za kikundi chenu cha nyuki ziachwe kwanza mpaka utaratibu mpya wa kulipa kodi utulie, kwa kuwa kila mwaka serikali inabadilisha kitu. Mkacheka, mkasema bibi ameanza mafumbo yake. Kisha mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, sogezeni viti. Mimi nilielezwa na mama yangu, naye alielezwa na mama yake, na chimbuko lake ni hili.

Zamani, kabla fedha haijafika milimani kwetu, kulikuwa na kijiji kilichoitwa Ikombwe, juu kabisa, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua lipate nguvu. Watu wake walilima ndizi na maharage kwa maji ya mifereji. Kila mwaka baada ya mavuno walimtolea kodi mtawala wao, aliyeitwa mfumwa. Kodi yenyewe haikumsumbua mtu. Kila nyumba ilipeleka asali na maharage kwa mkubwa wa ukoo, mkubwa wa ukoo akavifikisha bomani, akasema, "Hivi ni vya watu wangu," akapewa kata ya pombe, akarudi nyumbani. Nani ana shamba gani, mfumwa hakuuliza.

Basi mfumwa yule akafa, akatawala mwanawe. Mtawala mpya alikuja na mambo mapya. Mwaka wake wa kwanza, mavuno yalipokaribia, mpiga mbiu alipanda Ikombwe akatangaza kwamba kodi si asali tena wala maharage. Ni jembe la chuma, moja kwa kila shamba. Watu hawajamaliza kunung'unika, mpiga mbiu akarudi na amri nyingine: mkubwa wa ukoo hatamsemea mtu tena. Kila mwenye shamba aende bomani mwenyewe, aeleze mipaka yake, na awe na shahidi anayepakana naye. Shahidi huyo asimame mbele ya mpokeaji wa kodi, aape kwa kinywa chake. Shamba litakalokuwa halijaelezwa hadi siku ya ngoma ya mavuno litahesabiwa kuwa halina mwenyewe, nalo watapewa watu wa mfumwa.

Katika kijiji hicho aliishi mjane, jina lake Nakijwa. Mumewe alimwachia watoto wadogo na shamba moja chini ya mfereji, na shamba hilo ndilo lililowalisha. Upande mmoja lilipakana na msitu, upande wa pili na Mzee Kajiru. Kati ya wote walioshuhudia masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yakipandwa, Kajiru peke yake ndiye aliyekuwa hai. Lakini Kajiru alikuwa ameanguka kutoka mtini akipakua asali, na tangu hapo miguu yake haikuwa na nguvu. Alishinda uani juu ya ngozi ya ng'ombe, akiota jua na kuwasema wapita njia. Mdomo wake haukuumia hata kidogo.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Semboja, shemeji yake Nakijwa. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeezeka upya nyumba ya mjane yule baada ya matanga, bila kuombwa. Ila amri mpya zilimwuma, maana zilimvua heshima yake mbele ya watu. Akawaita wanakijiji.

"Mtu hafungi mzigo wa safari asiyoijua," alisema. "Jana ilikuwa asali, leo jembe, kesho watataka chumvi. Na tutulie. Amri zikishatulia, tutakwenda wote pamoja."

Wanaume wakaitikia. Nakijwa, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, akasimama.

"Shemeji, na zisipotulia?"

"Kila kitu hutulia, shemeji."

"Ngoma ya mavuno haitazingoja. Mimi njia siijui, lakini mzigo naujua. Jembe litatakiwa. Shahidi atatakiwa. Mpaka wangu nitatakiwa niueleze. Hayo nitayaweka tayari, na watakalobadilisha baadaye litanikuta nimekwisha jifunga kibwebwe."

Baadhi ya watu walicheka. Semboja hakucheka, alimtazama tu kama mtu anayemwonea huruma mwenziwe.

Kesho yake Nakijwa alimchukua mbuzi wake mmoja akashuka kwa wahunzi. Wakati huo watu wengi walikuwa bado wanabishana, na mhunzi alimpa jembe zuri kwa mbuzi yule, akamwongezea na kisu. Akarudi akaufyeka mpaka wote wa shamba, akapanda masale mapya pale ya zamani yalipokufa, huku Kajiru akimwelekeza kwa kelele kutoka uani kwake. Kisha akaenda kuketi mbele ya mzee huyo.

"Baba, nitakuhitaji bomani."

"Mimi?" Kajiru alishangaa. "Nitafikaje huko? Kwa kuviringika?"

"Utabebwa."

"Na nani? Wanaume wote wa Ikombwe wanangoja amri zitulie."

"Nitakubeba mimi."

Kajiru alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akasema, "Basi ufanye machela yenye mto mzuri. Mgongo wangu hauna nyama."

Mwanamke mwingine mjane, Nanzia, ambaye shamba lake lilipakana na Kajiru upande wa chini, alisikia habari hiyo akaja kuunga mkono. Alikuwa na jembe la marehemu mumewe. Shida yake na ya Nakijwa ilikuwa moja, na shahidi wao alikuwa mmoja. Wakaanza kusuka machela pamoja.

Ndipo amri ya tatu ilipofika. Mpiga mbiu alikuja amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Boma limehama, alisema. Mfumwa ameliacha boma la zamani la Mfinga, ambalo mtu aliondoka Ikombwe asubuhi akafika kabla jua halijawa kali, na amejenga Kisiwi, kwao mama yake, ng'ambo ya Mto Mbwago. Kodi zote zitapokelewa huko. Siku ya ngoma ni ileile.

Semboja akapiga mapaja yake. "Sikuwaambia? Angekwenda Mfinga na machela yake, angekuta majivu! Kaeni. Kabla ya ngoma litahama tena."

Nakijwa alikwenda nyumbani akaketi karibu na jiwe lake la kusagia, na machozi yakamtoka. Kisiwi hakupajua. Kumbeba mtu mzima hadi Mfinga ni jambo moja. Kumteremsha milimani, kumvusha mto na kumpandisha upande wa pili ni jambo jingine. Alilia mpaka akatosheka. Kisha akanawa uso, akatuma ujumbe kijiji cha pili kwa kaka zake wawili: njoni, tunaondoka kesho alfajiri.

Wakaondoka. Kaka zake walishika mbele, Nakijwa na Nanzia nyuma, na majembe matatu, la Kajiru likiwamo, yakafungwa chini ya machela. Njia ya kuteremka ilikuwa na mawe yanayoteleza. Kajiru alishika kingo za machela kwa mikono miwili na kuwatukana wote wanne kwa zamu, na alipochoka kutukana akaanza kuimba. Mabega yao yalichubuka. Walibadilishana pande, wakaenda.

Jua lilipoanza kuinama walifika kijiji cha bondeni, karibu na mto. Hapo alikaa mpwa wa Kajiru, mwanamke mkarimu, na siku hiyo alikuwa amepika pombe ya miwa. Harufu yake iliwafikia njiani. Mpwa akatoka mbio, akamkumbatia mjomba wake, akawasihi walale kwake.

"Wekeni chini," Kajiru aliamuru. "Tutavuka kesho. Mimi ni mzee, mifupa inauma, na mtoto wa dada yangu amenipikia."

Kaka zake Nakijwa walikuwa tayari kuutua mzigo. Nanzia naye alitamani kupumzika. Miguu ilikuwa imemvimba. Lakini Nakijwa alikuwa anatazama nyuma, kule milimani walikotoka. Mawingu yalikuwa yametanda meusi juu ya chemchemi za Mbwago.

"Hatutui," alisema.

"Mwanangu, nitakufa kwa kiu!"

"Utakunywa tukirudi, baba. Boma limehama. Mzigo haulali leo."

"Mzigo!" Kajiru alifoka. "Mimi, Kajiru, ninaitwa mzigo! Na mzigo haulali!"

Mpwa wake alimwekea kibuyu kidogo kifuani, mzee akakikumbatia kama mtoto, na machela ikainuliwa tena. Walivuka Mto Mbwago maji yakiwa magotini. Walipofika juu ya ukingo wa pili mvua ilikuwa inanguruma milimani, na kabla giza halijaingia walisikia mto umebadili sauti. Nanzia aligeuka akaona maji mekundu yamebeba migomba mizima.

Kesho yake waliingia boma la Kisiwi. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa vijiji vya karibu. Mpokeaji wa kodi, mtu mwembamba mwenye sauti kavu, alilipokea jembe la Nakijwa, akaligonga kwa kucha, akaridhika. Nakijwa akaeleza shamba lake: mfereji uko wapi, msitu unaanzia wapi, masale yamepandwa na nani. Hakukosea.

"Shahidi?"

"Huyu hapa."

Mpokeaji akaitazama machela. "Amri inasema shahidi asimame. Huyu amelala."

"Hawezi kusimama, bwana. Miguu yake—"

"Sikuitunga mimi amri. Mashahidi wa uongo wamekuwa wengi. Asiyesimama hahesabiwi."

Njia yote ile, mto, mabega yaliyochubuka, na sasa neno moja. Nakijwa akapiga magoti aanze kumsihi. Lakini kabla hajafungua kinywa, mkono mkavu ulimshika begani, ukabana.

"Inuka taratibu," Kajiru alimnong'oneza. "Nami nitakuja nawe."

Nakijwa akainuka taratibu. Mzee akamning'inia begani, mkono wa pili ameuweka kwa Nanzia, meno yameuma mdomo. Miguu ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kajiru akasimama.

"Nimesimama," alisema, jasho likimtiririka. "Sasa uliza upesi."

Mpokeaji akauliza, Kajiru akaapa. Akaapia shamba la Nakijwa, kisha bila kupumzika akaapia la Nanzia, na la kwake akaapiwa na Nakijwa. Viapo vilipokwisha walimshika mzee kabla hajaanguka. Nakijwa alikuwa analia, na safari hii hakujali nani anamwona.

Mpokeaji wa kodi aliwatazama kwa muda. "Ikombwe ni mbali," akasema kwa sauti iliyolegea kidogo. "Wenzenu wako wapi?"

"Wenzetu wanangoja," Kajiru alijibu kutoka kwenye machela. "Mimi pia ningengoja. Nilikuwa na pombe ya miwa mbele yangu, bwana, pombe ya mtoto wa dada yangu! Mwanamke huyu akanikatalia. Boma likihama, anasema, mzigo haulali. Na mzigo wenyewe ni mimi!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Neno hilo likaenda na kila aliyetoka uwanjani siku ile.

Kule Ikombwe, watu walipoona siku ya ngoma imekaribia na boma halijahama tena, waliingiwa na hofu. Wakakimbilia kwa wahunzi. Jembe lililopatikana kwa mbuzi sasa lilitaka mtamba wa ng'ombe. Semboja alimtoa mtamba wake, akamchukua jirani yake awe shahidi, akateremka na wanaume wenzake. Walipofika Mto Mbwago ulikuwa umefurika, hauvukiki. Walikaa ukingoni na majembe yao mapya mabegani. Wakiwa hapo bado, ngoma ya mavuno ilianza kulia ng'ambo, na upepo ukawaletea kila mdundo.

Watu wa mfumwa wakajichagulia mashamba mazuri ya waliochelewa, na shamba la Semboja la mteremkoni, lililokuwa la baba yake, alipewa mtu wa mfumwa. Kwa muda mrefu Semboja hakupita karibu na nyumba ya Nakijwa. Nakijwa ndiye aliyemfuata. Alimkuta ameketi mlangoni, mikono mitupu.

"Shemeji, kipande cha juu cha shamba langu, karibu na mfereji, mimi na watoto hatukimalizi. Njoo ulime."

"Nilikucheka," Semboja alisema.

"Hukunicheka. Ulinionea huruma. Na nyumba yangu haivuji kwa sababu yako. Njoo ulime."

Akaja akalima.

Mwaka uliofuata mpiga mbiu alipanda tena Ikombwe. Jembe halitakiwi tena, alisema. Sasa ni chumvi, na itapokelewa mahali patakapotangazwa baadaye. Watu wakaanza kulalamika. Kijana mmoja akasema wakae kwanza wajue ni wapi, ndipo waitafute hiyo chumvi.

Semboja alikuwa amekwisha simama, anafunga kamba ya kikapu chake cha kwendea kwenye magadi, kunakochimbwa chumvi. Hakucheka kama watu walivyocheka Kisiwi. Alilisema neno lile polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu:

"Boma likihama, mzigo haulali."

Akajitwika kikapu, akaanza kuteremka, na watu wakainuka mmoja mmoja wakamfuata.